Tundu la Milimita 6: Kupanga Pointi za Kupimia Kabla ya Jaribio la Ufanisi wa Mtambo

Pampu ilikuwa inaunguruma vizuri tu. Mwakilishi wa muuzaji kakaa kivulini, kalamu mkononi, anasubiri tumsainie kwamba pampu yake imefikia kiwango cha mkataba. Kiwanda sikitaji. Kipo Tanga, kinavuta maji ya bahari kupozea mitambo, na sote tulikuwa tunaikodolea macho geji moja iliyokuwa inatunyima kama mita 4 za hedi (kimo ambacho pampu inaweza kuyainua maji) tuliyoahidiwa. Sisi tukasema pampu dhaifu. Yeye akasema, "Mabwana, geji yenu iko baada ya valvu ya kuzuia maji kurudi, na viwiko viwili juu yake. Mnapima bomba lenu, hampimi pampu yangu."

Hakukosea. Na kama alikosea, hatukuwa na njia ya kumwonyesha, maana kati ya flenji (sahani ya kuungia bomba) ya pampu na ile valvu hapakuwa na tundu la kupimia. Tundu la milimita 6. Mtambo ukiwa umesimama, fundi analitoboa kabla chai haijapoa. Mtambo ukiwa unakwenda, halitoboki. Tukasubiri shatidauni, yaani mtambo kusimamishwa kwa matengenezo, miezi 5 mbele, na malipo ya watu yakasubiri nasi.

Tangu hapo nina utaratibu wangu, na ndio huu. Mifano ni ya pampu, kibadilisha joto na njia ya gesi ya tanuru, kwa sababu fundi wa Tanga hukutana navyo sana, hasa ukanda wa mawe ya chokaa wa Pongwe na Maweni.

Hatua ya 1: Anza na namba itakayosainiwa

Usianze na geji. Wengi wetu tukipewa kazi hii tunakimbilia stoo kuangalia kuna vifaa gani. Kwanza chukua mkataba, tafuta sentensi yenye namba inayobishaniwa, kisha andika kanuni inayoizaa hiyo namba.

Tuseme mkataba unasema ufanisi wa pampu usipungue asilimia 75. Ufanisi ni nguvu iliyoingia kwenye maji ukigawa kwa nguvu iliyopita kwenye shafti. Nguvu ya maji ni uzito wa ujazo, mara 9.81, mara mtiririko, mara hedi. Kwa maji ya bahari ya kilo 1,025 kwa mita ya ujazo, mtiririko wa mita za ujazo 200 kwa saa na hedi ya mita 40, unapata kilowati 22.3. Mota ikivuta kilowati 32 na ufanisi wake ni asilimia 93, shafti inapata kilowati 29.8. Gawanya: asilimia 75. Imepita, kwa unywele.

Sasa kila kipengele kwenye kanuni ile ni pointi ya kupimia au ni namba inayotakiwa kuwa na ushahidi. Mtiririko: pointi. Hedi si pointi moja. Ni presha ya kuingilia, presha ya kutolea, tofauti ya kimo kati ya geji mbili, na kipenyo cha ndani cha bomba pale penye kila tundu, ili ujue kasi ya maji. Umeme: pointi. Kasi ya mzunguko: pointi, kwa sababu ikipungua kidogo hedi hupungua kwa mraba wake. Joto la maji: pointi, kwa ajili ya uzito wa ujazo. Ufanisi wa mota: cheti cha mtengenezaji, na kiwe mezani kabla ya siku ya jaribio.

Ukisahau kimo cha geji na ukawa umekosea kwa mita 2, hedi inasomeka 42 na ufanisi unaruka mpaka 79. Pampu haijabadilika hata kidogo. Ndiyo maana huwa nabeba futi kamba mfukoni.

Hatua ya 2: Zungushia mtambo uzio

Chukua mchoro wa mabomba na vifaa, peni nyekundu, chora mstari wa nukta kuzunguka kitu unachokijaribu. Kila bomba linalokatwa na huo mstari lina mambo mawili tu: ama unapima kinachopita, ama umelifunga na una uhakika limefungwa. Valvu iliyofungwa si uhakika. Valvu za zamani huvuja huku mkono wake umekazwa mpaka mwisho, na bomba dogo la kurudisha maji kwenye tanki laweza kula sehemu ya mtiririko wako pasipo mtu kusikia. Weka bamba la kuziba kati ya flenji, na liandike kwenye orodha, ili baada ya jaribio asije mtu akalisahau mle ndani.

Hatua ya 3: Kokotoa shaka kabla ya kununua chochote

Hapa ndipo pesa inapookolewa, na ndiyo hatua watu wanayoiruka.

Kila kipimo kina shaka lake, yaani kiasi kinachoweza kukosea. Geji ya daraja 1.6 yenye uso wa bar 0 hadi 10 inaruhusiwa kukosea asilimia 1.6 ya uso wote, yaani bar 0.16, popote kwenye uso wake. Bar 1 ni kama mita 10 za maji, kwa hiyo kwa pampu yetu ya mita 40, hiyo ni mita 1.6, yaani asilimia 4. Unataka kumpeleka mtu kwenye usuluhishi kwa upungufu wa asilimia 3 huku geji yako inakosea 4? Geji ya daraja 0.6 yenye uso wa bar 0 hadi 6 inakosea bar 0.036, kama sentimita 36 za maji. Pampu ni ileile, tundu ni lilelile, hoja yako sasa ina miguu.

Vipimajoto ndivyo vinavyodanganya zaidi. Chukua kibadilisha joto ambacho maji yake ya kupoza yanaingia nyuzi 28 na kutoka 33. Joto lililobebwa ni mtiririko mara 4.18 mara tofauti ya joto, na tofauti hapa ni nyuzi 5 tu. Kila kipimajoto kikiwa na shaka la nusu nyuzi, mashaka mawili hayajumlishwi kawaida. Unayapiga mraba, unajumlisha, unatafuta kipeuo cha pili: 0.71. Gawanya kwa 5, unapata asilimia 14. Yaani umelipia kipima mtiririko cha bei mbaya chenye shaka la asilimia 1, halafu jibu lako limezama kwenye asilimia 14 kwa sababu ya vipimajoto. Vipimajoto vya shaka la 0.1 vinakushusha mpaka karibu asilimia 3.

Ujanja mmoja usio na gharama: vihisi vya kuingilia na kutokea viwe vya aina moja, vimefanyiwa kalibresheni (kulinganishwa na kipimo cha uhakika) pamoja kwenye beseni moja, na katikati ya jaribio uvibadilishane nafasi. Kosa linalotembea na kihisi litaonekana lenyewe, na ukichukua wastani wa vipindi viwili sehemu kubwa yake hujifuta.

Andika kila kipimo, shaka lake, na kinavyosogeza jibu la mwisho. Kinachosogeza jibu sana kipewe kifaa kizuri na pointi mbili. Kisichosogeza, geji ya kiwandani inatosha.

Hatua ya 4: Tafuta mahali

*Presha.* Kwa pampu, kiwango cha ISO 9906 kinataka tundu liwe umbali wa vipenyo 2 vya bomba kutoka kwenye flenji, pande zote mbili, kwenye bomba lililonyooka. Tundu liingie wima kwenye ukuta wa bomba, liwe dogo, na ndani lisiwe na makovu ya kutobolea wala chozi la kuchomelea linalochungulia. Kovu dogo tu hugeuza maji yanayopita, na geji ikasoma kasi badala ya presha. Kwa maji, toboa ubavuni mwa bomba. Juu kuna hewa, chini kuna mchanga na magamba. Mrija unaokwenda kwenye transmita (kifaa kinachotuma kipimo kwa waya) ushuke kuelekea transmita, kama sentimita 8 kwa kila mita, ili mapovu yapande yarudi bombani. Kwa gesi ni kinyume: toboa juu, transmita iwe juu, unyevu urudi chini. Kwa mvuke, toboa ubavuni na ujaze mirija yote miwili maji mpaka kimo kimoja kabla hujafungulia.

*Joto.* Kihisi kikae ndani ya ala ya chuma, kama kisu, na ncha yake ifike kwenye mkondo wenyewe. Ala fupi inayoishia ukutani inapima joto la chuma. Tia mafuta kidogo ndani ya ala ili hewa isikae kati, na sehemu iliyo nje ifunikwe. Baada ya mahali maji mawili yanapochanganyika usiweke kipimajoto karibu. Yaache yachanganyike kwanza. Nimeshaona bomba ambalo juu na chini yake vilipishana nyuzi 3, na kila mtu anaapa kipimajoto chake ndicho kizima.

*Mtiririko.* Hapa ndipo kwenye ugomvi. Mtiririko hautaki kona. Kipima mtiririko cha sauti kinachofungwa nje ya bomba, kile cha mkanda, kwa kawaida kinataka vipenyo 10 vya bomba nyoofu kabla na 5 baada, na zaidi ya hapo kama nyuma yake kuna pampu au valvu iliyofunguliwa nusu. Kwa bomba la milimita 200 hizo ni mita 2 na mita 1. Kifunge ubavuni, saa 3 na saa 9, usikifunge saa 12 wala saa 6. Kabla ya hapo, ng'arisha rangi itoke, pima unene wa ukuta kwa kipima unene, na uulize kama ndani kuna tabaka la raba au saruji. Bomba la maji ya bahari mara nyingi linalo, na fundi aliyelifunga ameshastaafu.

Bamba la orifisi, lile lenye tundu katikati linalopima mtiririko kwa tofauti ya presha, ni gumu zaidi kuridhisha. Kwa ISO 5167, tundu la bamba likiwa asilimia 60 ya kipenyo cha bomba, baada ya kiwiko kimoja tu unahitaji vipenyo 42 vya bomba nyoofu ili usiongeze shaka. Viwanda vingapi vina mita 8 za bomba la milimita 200 zisizo na kona? Ndiyo maana nasema pointi hii ichaguliwe mchoraji akiwa bado na raba mkononi.

*Gesi ya tanuru.* Njia kubwa ya gesi haina kasi moja. Katikati ni nyingine, ukingoni ni nyingine, na baada ya kona gesi hulalia upande mmoja. Tafuta mahali penye vipenyo 8 vya njia nyoofu nyuma yako na 2 mbele. Ukikosa, kuna nafasi ya kushuka mpaka vipenyo 2 nyuma na nusu mbele, ila idadi ya vituo vya kupimia inapanda. Njia ya duara inataka matundu mawili yaliyopishana nyuzi 90, na kwa mahali pazuri vituo 12, yaani 6 kwa kila tundu. Kwa kipenyo cha mita 2, ncha ya fimbo isimame sentimita 9, 29, 59, 141, 171 na 191 kutoka ukuta wa karibu. Namba hizo hazina nafasi sawa kwa makusudi: kila kituo kinawakilisha eneo sawa la njia. Weka alama kwenye fimbo kwa utepe siku moja kabla, si ukiwa juu ya jukwaa na vumbi la moto usoni. Na kwa gesi yenye vumbi la saruji au chokaa tumia pito (mrija wa kupimia kasi ya gesi) ya umbo la S, maana zile zenye vitundu vidogo huziba mapema.

Sasa kitu ambacho hakimo kwenye vitabu vingi. Fimbo ya kupimia njia ya mita 2 ina urefu wa zaidi ya mita 2. Ili uiingize lazima nyuma yako pawe na nafasi hiyo hiyo. Niliwahi kupanda ngazi za kutosha kunimaliza, nikakuta tundu zuri kabisa linatazamana na nguzo ya chuma, sentimita 90 kutoka usoni mwake.

Kwenye tanuru weka pia pointi za oksijeni kabla na baada ya kila sehemu inayoshukiwa kuvuta hewa. Ikiwa oksijeni inaingia asilimia 4 na kutoka 6, toa 4 kwenye 6, gawanya kwa 20.9 kutoa 6. Umepata kama asilimia 13: hiyo ni hewa ya bure inayopenya kwenye nyufa na kumaliza mafuta yako.

*Umeme.* Pima kwenye nyaya za mota yenyewe, fezi zote, nguvu halisi na si ampea peke yake. Hakikisha uwiano wa transfoma za kupimia ni ule ulioandikwa. Inatosha.

Hatua ya 5: Mpe bahari nafasi yake

Mwongozo wa kigeni hautakwambia habari za bamvua. Pwani yetu wakati wa bamvua maji yanaweza kupishana zaidi ya mita 3 kati ya kujaa na kupwa. Pampu inayovuta kutoka kwenye kisima cha bahari inaona hizo mita 3 kama bar 0.3 za ziada au pungufu upande wa kuvuta. Kwa hiyo pigilia kipimo cha kina kwenye ukuta wa kisima, kiwe na tegi (lebo yenye namba) yake kama kipimo kingine chochote, na mtu wa kukisoma. Ukiweza, panga siku ya jaribio iangukie maji mafu, wakati tofauti ni ndogo. Muulize mvuvi yeyote wa Deep Sea, hapa Tanga, atakwambia tarehe bila kufungua simu.

Mnara wa kupozea nao unategemea unyevu wa hewa. Kipimajoto kimoja ofisini hakitoshi. Weka vya utambi wenye maji kwenye uso wa kuingilia hewa, zaidi ya kimoja, kivulini, kwa sababu upepo wa kusi au kaskazi ukigeuka, mvuke unaotoka juu ya mnara unaweza kurudi ukaingia tena pembeni. Na kama majedwali ya hewa yaliandaliwa Arusha au bara kokote, yapige marufuku mezani. Huku tuko usawa wa bahari, presha ya hewa ni tofauti kabisa. Barometa moja inamaliza ubishi.

Hatua ya 6: Tembea na bomba

Mchoro ni mchoro. Chukua chokaa, kopo la rangi, mfuko wa tegi, na fundi wa mabomba wa siku nyingi. Mpitie kila pointi kwa miguu. Mimi nilitembea na mzee mmoja ambaye kila tukisimama mahali alikuwa anauliza swali moja: "Mwanangu, na hapa mtasimama juu ya nini?" Pointi 7 kati ya 22 hazikuwa na jibu. Tukaagiza majukwaa.

Tazama kama mkono unafika, kama jua la saa 8 linapiga moja kwa moja kwenye uso wa transmita, kama gamba la kuhifadhi joto litahitaji kuvuliwa, na kama waya unafika bila kuvuka barabara ya winchi. Kila tundu lipate valvu yake ya kufungia mzizini na kizibo chenye mnyororo, ili jaribio la miaka 3 ijayo lisianze na kutoboa upya. Kwa maji ya bahari usikubali nipo (kipande kifupi cha bomba chenye nyuzi) ya chuma cheusi. Itakatika ukiwa umeishika.

Boila na matangi ya presha ni habari nyingine. Humo hatoboi mtu kwa hiari yake hata kama drili iko karibu. Mpango wa tundu upitie kwa mtengenezaji na kwa mkaguzi anayetambuliwa na OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi, na karatasi iwepo kabla ya cheche ya kwanza.

Hatua ya 7: Jedwali

Pointi zote ziingie kwenye jedwali moja: tegi, kinachopimwa, mahali, uso wa kifaa, shaka, tarehe ya kalibresheni, kila baada ya muda gani kinasomwa, nani anasoma, na kikifa katikati tunafanyaje. Safu hiyo ya mwisho ndiyo watu huiacha wazi. Kalibresheni iwe ya maabara inayofungamana na vipimo vya taifa vilivyoko TBS (Shirika la Viwango Tanzania), na iwe ya karibuni. Ikiwa malighafi inapita kwenye mizani ya magari, angalia stika ya Wakala wa Vipimo haijapitwa na wakati. Pande zote mbili za mkataba zisaini jedwali hili kabla ya shatidauni, si asubuhi ya jaribio. Ubishi wa kwenye karatasi hauna gharama.

Hatua ya 8: Jaribu jaribio

Siku moja kabla, endesha nusu siku kama kweli. Saa zote zilinganishwe, za kwenye chumba cha udhibiti na za mikononi. Acha mtambo utulie, kisha soma kila kitu kwa saa 1 na ukokotoe papo hapo. Kwenye kibadilisha joto, joto lililotoka upande wa moto lilingane na lililoingia upande wa baridi. Zikipishana kuliko mashaka uliyokokotoa, kuna pointi inayosema uongo, na una usiku mzima wa kuitafuta.

Ile pampu yetu? Shatidauni ilipofika tulitoboa matundu mawili, moja upande wa kuvuta na moja kati ya pampu na valvu, tukafunga geji za daraja 0.6, tukawasha. Hedi ilikuwa mita 39.7, shaka nusu mita. Kisha tukaifumua valvu ya kuzuia maji kurudi. Chaza walikuwa wameota kwenye bawaba mpaka mlango wake haufunguki zaidi ya nusu.